Grafu ya basi imeniaibisha kwa binti yangu, naombeni msaada

Fundi_Viatu: Wakuu, habari za jioni. Binti yangu yuko kidato cha pili, kaja na swali la fizikia limenitoa jasho. Kuna grafu ya basi: sekunde 0 hadi 10 mstari unapanda toka 0 hadi 20, sekunde 10 hadi 30 umelala, 30 hadi 40 unashuka hadi 0. Wanauliza mwishoni basi liko umbali gani toka kituoni. Nikamwambia, mwanangu, si unaona limepanda mlima, likapita tambarare, likateremka? Limerudi chini, andika sifuri. Kakoseshwa! Eti ni mita 600. Zimetoka wapi wakati namba kubwa kwenye grafu nzima ni 40?

Gia_ya_Tano: Mkuu, hapo hamna mlima. Pembeni, kwenye mstari wa wima, wameandika nini?

Fundi_Viatu: Velositi, mita kwa sekunde.

Gia_ya_Tano: Basi huo ni mshale wa spidi kwenye dashibodi, siyo barabara. Natoka stendi mshale unapanda, nanyoosha, nakanyaga breki unashuka. Ukilala sifuri tuko Chalinze, hatujarudi Mbezi 😂

Mama_Hesabu: Umbali ni eneo lililo chini ya mstari. Pembetatu ya kwanza, 10 × 20 ÷ 2 = 100. Mstatili wa katikati, 20 × 20 = 400. Pembetatu ya mwisho, 100 tena. Mita kwa sekunde ukizidisha kwa sekunde unabaki na mita, ndiyo maana eneo linakupa umbali. Ila usijilaumu sana: pembeni pangeandikwa "umbali toka kituoni", sifuri yako ingekuwa sahihi, na pale mstari ulipolala basi lingekuwa limesimama. Mchoro uleule.

Nongwa_za_Kijiweni: Mstari ukishuka kitu kinarudi nyuma. Msimpoteze mtoto.

Mama_Hesabu: Hapana ndugu yangu. Mchukue Usain Bolt, Berlin 2009, sekunde 9.58. Toka mita ya 60 hadi ya 80 alitumia sekunde 1.61, yaani kama mita 12.4 kwa sekunde. Mita 20 za mwisho, sekunde 1.66, kama 12 hivi. Grafu yake ya velositi inashuka pale mwishoni. Alirudi nyuma? Kurudi nyuma ni mpaka mstari uvuke chini ya sifuri.

Gia_ya_Tano: Hapo dashibodi yangu haisaidii, maana hata nikipiga rivasi mshale unapanda vilevile.

Fundi_Viatu: Asanteni sana. Nimemsomea, kacheka weee. Sasa anauliza: zile sekunde 10 hadi 30, spidi haiongezeki, dereva alikuwa anakanyaga mafuta au kaachia?

Gia_ya_Tano: Anakanyaga, kiasi tu cha kushindana na upepo na msuguano. Barabara ya tambarare ukiachia, mstari unaanza kushuka hata breki hujaigusa.