Naomba ushauri: wasabi ya kuongeza mbele ya mpishi

Habari zenu wakuu. Ijumaa bosi ananipeleka kula sushi hapa Tokyo, zile sehemu mnakaa kaunta na mpishi anawatazama. Najua nigiri (kitonge cha wali chenye kipande cha samaki juu) inachovywa upande wa samaki, maana wali ukilowa sosi ya soya unamomonyoka na chumvi inazidi. Achari ya tangawizi nayo inaliwa kati ya kipande na kipande, haiwekwi juu. Hapo sina shida. Shida ni wasabi, ile rojo ya kijani inayowasha. Mpishi huwa keshaipaka chini ya samaki, kidogo mno kwangu mimi mtu wa pilipili. Nyumbani naikoroga kwenye sosi mpaka inakuwa tope. Nikimwomba aongeze, nitaonekana sina adabu? Au nijikaze? Mliokaa Japani nisaidieni, ila msiniambie nibebe pilipili mbuzi mfukoni.