Barua ya Yesu kwa Mfalme Abgar: ya kweli au ya kutungwa?

Wadau, kila suala hili likiibuka hoja ya wanaosema barua hii ni ya kweli huwa ileile: Eusebio wa Kaisaria, askofu na mwanahistoria wa karne ya 4, anasema barua ya Abgar, mfalme wa Edessa (leo Şanlıurfa, Uturuki), kwa Yesu na majibu ya Yesu vilitoka masjala ya mji huo, vikatafsiriwa kutoka Kisiria. Askofu mzima adanganye?

Sidhani alidanganya. Ila barua kukutwa masjala kunathibitisha tu kwamba kuna mtu aliiweka humo. Lini, na kwa nini, hilo tuiulize barua yenyewe.

Isomeni basi. Mfalme mgonjwa anamwomba Yesu aje amponye, akimwambia ana mji mdogo lakini wa heshima, unaowatosha wote wawili. Inagusa moyo kweli. Lakini sifa alizozisikia ni zipi? Vipofu wanaona, viwete wanatembea, wenye ukoma wanatakaswa, wafu wanafufuliwa. Hiyo ni Mathayo 11:5 karibu neno kwa neno, na wakati huo Injili hazijaandikwa!

Majibu ndiyo yanayonimaliza kabisa. Yesu anambariki Abgar kwa kuamini bila kumwona, ambayo ni Yohana 20:29, maneno aliyoambiwa Tomaso baada ya ufufuo. Kisha anaongeza kwamba imeandikwa juu yake kuwa waliomwona hawataamini, na wasiomwona wataamini na kuishi.

Halafu barua yenyewe ikaendelea kukua. Msafiri Egeria alipofika Edessa mwaka 384 hivi, askofu wa hapo alimsimulia kuwa Yesu aliahidi adui hatauingia mji huo. Kwa Eusebio ahadi hiyo haimo. Na Waajemi waliuteka mji mwaka 609 hivi.

Msiniambie huku ni kuishambulia imani. Augustino na Yeronimo, walimu wakubwa wa Kanisa la kale, walishasema Yesu hakuacha maandishi yake, na orodha ya kale ya Kilatini yenye jina la Papa Gelasio inazitaja barua zote mbili miongoni mwa maandiko yasiyokubaliwa. Mashaka haya yalikuwapo ndani ya Kanisa lenyewe.

Kwa hiyo anayetetea aanzie hapa: hayo maneno "imeandikwa juu yangu" yameandikwa wapi? Nipeni kitabu, sura na mstari katika Torati, Manabii au Zaburi.