Ubora wa huduma kituo cha afya unapimwaje? Nimepanga madaraja ya katani maisha yangu, hapa nimekwama

MzeeWaKatani (Tanga)

Wadau, habari za jioni. Mimi ni mstaafu. Miaka 26 nimeutumikia mkonge huku kwetu Tanga, na 17 ya mwisho nilikuwa chumba cha kupanga madaraja. Katani ikishatoka korona (mashine ya kuchakata majani ya mkonge), ikaanikwa, ikapigwa brashi, inaletwa mezani kwangu. Naishika, naivuta, natazama rangi na madoa, napima urefu, nasema: hii daraja la kwanza, hii 3L, hii UG. Sikuwahi kuhitaji kumuuliza mkonge kama ameridhika.

Mwaka huu nimechaguliwa kwenye kamati ya usimamizi wa kituo cha afya cha mtaani kwetu (sikitaji, nina majirani). Kikao kilichopita wakanibebesha mzigo: "Mzee wewe ndiye unayejua ubora, tuletee taarifa ya ubora wa huduma." Nikavimba kichwa, nikakubali.

Nikaanza na sanduku la maoni. Karatasi 41. Kati ya hizo 38 zinasema huduma nzuri, mbili zinalalamikia choo, moja ni orodha ya vitu vya sokoni, nadhani mtu alikosa pa kuitupa. Ningeandika 38 kwa 41 nikaenda zangu barazani kunywa kahawa. Ila katika zile nzuri kuna mwandiko niliutambua. Wa mkwe wangu, mke wa kijana wangu, mjamzito wa miezi saba. Nikamuuliza, nzuri kwa lipi? Akasema nesi alimwita mama kijacho na akampisha kiti. Presha walikupima? "Kile kitambaa hawakunifunga, baba, ila kwenye kadi wameandika."

Nikaomba kadi. Mahudhurio manne: 110/70, 110/70, 110/70, 110/70. Nyumba ya pili kuna binti naye anahudhuria kliniki hapohapo. Kadi yake 110/70 mara tatu.

Jamani, robota ambalo nyuzi zake zote zina urefu mmoja mimi nalijua. Halikupimwa hilo, limekisiwa. Lakini mkwe wangu ameridhika! Na kituo kina jengo jipya, vigae na feni inayozunguka. Sasa ubora niutafute wapi, kwenye vigae, kwenye kiti alichopishwa, au kwenye kadi?

NesiZamuYaUsiku

Shikamoo mzee. Mimi ni nesi, mkoa huuhuu, wilaya nyingine. Swali lako limeumiza vichwa vya wengi. Kuna daktari mzaliwa wa Beirut aliyefanyia kazi Marekani, Avedis Donabedian, mwaka 1966 aliandika kwamba ubora utazamwe sehemu tatu: vilivyopo (jengo, watumishi, vifaa, dawa), kinachotendwa mgonjwa akiwa mbele yako, na kinachompata mgonjwa baadaye. Vigae na feni ni sehemu ya kwanza. Kadi ya mkweo ni ya pili. Nyota za wizara ya afya za kupanga vituo kwa ubora zilipoanza 2015, sifuri mpaka tano, watu mtaani wakadhani ni kama za hoteli, wakatazama rangi ya ukuta.

Hiyo 110/70 nakueleza inakotoka, na sitetei. Mashine ya presha imekufa betri. Akina mama wamejaa kwenye mabenchi, nesi mmoja. Msimamizi akija kukagua anahesabu nafasi zilizoachwa wazi kwenye kadi. Nafasi iliyojazwa uongo haihesabu, ataijuaje? Basi nesi anajaza. Tumefundishwa kuogopa nafasi wazi kuliko kuogopa presha. Na kuanzia 140/90 mjamzito anatakiwa kutazamwa kwa makini, kifafa cha mimba hakipigi hodi.

Ombi moja: usiende kufungua vitabu vya MTUHA (rejesta za kituo) mwenyewe. Mle kuna majina na magonjwa ya watu. Muombe mganga mfawidhi, yule mkuu wa kituo, akuhesabie.

Mchumi_Raskazone

Mnazunguka mbuyu. Hesabuni vifo. Penye vifo vichache ndipo penye huduma bora, kwisha.

NesiZamuYaUsiku

Mkuu, kwa hesabu hiyo hospitali ya mkoa itakuwa mbovu kuliko zahanati yoyote ya kule Kilindi. Hospitali inapokea waliozidiwa. Zahanati inatoa rufaa, mgonjwa anafia huko mbele, kitabu cha zahanati kinabaki kisafi. Na kituo kidogo kama cha mzee kinaweza kumaliza mwaka bila mzazi hata mmoja kufariki, presha zikiwa za kukisia vilevile. Bahati nayo ina siku zake. Matokeo yapimwe, ndiyo, ila ujue nani aliletwa akiwa na hali gani.

MamaWawili_Ngamiani

Mimi si mtaalamu, ni mama tu. Nilifika kituo fulani saa moja asubuhi, mtoto anawaka homa. Nimeonwa saa sita na nusu. Mbele ya daktari nilikaa muda wa kumvua mtoto soksi moja, ya pili sijaigusa karatasi imeshaandikwa: dawa ya malaria. Kidole hakikutobolewa. Nikauliza, nikaambiwa "ndio msimu wake".

Na siku hiyo ungenipa karatasi ya maoni mzee wangu, ningeandika nzuri. Kwa nini? Sanduku liko mbele ya macho ya mapokezi, na mimi wiki ijayo narudi palepale, sina pengine. Usituulize kama tumeridhika, mwaya. Tuulize tumefanyiwa nini. Mtoto alitobolewa kidole? Umeambiwa dawa unampa mara ngapi? Umeambiwa ukiona nini urudi mbio?

NesiZamuYaUsiku

Huyu dada anasema si mtaalamu! Shirika la Afya Duniani tangu 2010 linataka mgonjwa anayehisiwa malaria apimwe kwanza ndipo apewe dawa, mtoto na mkubwa. Hayo maswali matatu yachukue, mzee.

MzeeWaKatani (Tanga)

Marahaba, binti yangu. Nimepotea wiki mbili, nilikuwa kazini.

Kwa mganga mfawidhi sikwenda na kadi ya mkwe wangu, angejulikana. Nilimwambia tu nataka kuona mashine ya presha. Akanipeleka mwenyewe. Ukutani pana bango la S tano za kupanga mahali pa kazi: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Droo imesasambuliwa, naapa, hata vumbi hamna. Mashine imelazwa humo, kitambaa chake kimekunjwa kama kanzu ya Idi. Betri haina. Tangu lini? Wakatazamana.

Betri ndogo nne. Tumenunua kwa fedha ya kamati, na risiti ninayo.

Halafu nikahamia nje ya geti, chini ya mwarobaini, mbali na macho ya mapokezi. Siku tatu. Mganga mfawidhi alikubali, ila kwa shingo upande. Jina la mtu sikuandika. Waliotoka na mtoto mwenye homa walikuwa 12, waliotobolewa kidole 7. Swali la "ukiona nini urudi" ndilo lililoniacha hoi: wengi walinitazama kama nimewauliza habari za mwezini. Mmoja akasema, "Kwani wao wanatakiwa kutuambia?"

Jumatano ikawa kliniki ya wajawazito, mashine ina betri. Nesi akanihesabia bila majina: 104/66, 122/78, 117/71, 131/84. Nyuzi za urefu mbalimbali, ndiyo katani hiyo! Mmoja 150/98. Wakampumzisha, wakarudia, ikasoma vilevile. Kadi yake yote ya nyuma ni 110/70. Siku hiyohiyo wakamwandikia rufaa, akaondoka na dada yake kwa bajaji.

Sasa mganga mfawidhi ananiambia taratibu: "Mzee, taarifa yako itatuonyesha tumeharibika mwezi huu." Nikamwambia pale shambani mwaka tuliobadilishiwa kipimo cha urefu, daraja la kwanza lilishuka ndani ya wiki moja, na mkonge ulikuwa uleule. Alicheka, ila sikuona kama amekubali.

Kikao ni Alhamisi. Nesi, wale watoto watano ambao hawakutobolewa nawaandikaje bila kumnyooshea mtu kidole?

NesiZamuYaUsiku

Andika 7 kati ya 12, na siku ulizohesabu. Kisha uliza stoo kama vipimo vya malaria vilikuwepo siku hizo tatu, jibu liandike mstari wa chini yake. Kama vilikwisha, hiyo ni barua ya kuagiza. Kama vilikuwepo, hayo ni mazungumzo mengine, na usiyafanyie kikaoni.

MamaWawili_Ngamiani

Na sanduku la maoni mliondoe pale mapokezi. Lipelekeni huko kwenye mwarobaini.