Natafuta chumba cha kupanga Dar es Salaam kisichozidi 180,000 kwa mwezi: nianzie wapi?

MgeniWaJiji

Ndugu zangu, nawasalimu wote. Mwezi ujao nahamia Dar es Salaam kutoka Mbeya kwa ajili ya kazi katika ofisi iliyopo Posta, katikati ya jiji, na ndugu pekee niliye naye jijini ni binamu anayekaa Gongo la Mboto na familia ya watu sita katika vyumba viwili, kwa hiyo kwake naweza kufikia lakini siwezi kukaa. Nikipiga hesabu ya mshahara, kodi ninayoimudu ni shilingi 180,000 kwa mwezi. Ningependa chumba na sebule, ikishindikana basi chumba kimoja chenye choo cha ndani, kwa kuwa nitaishi peke yangu na sipendi kutoka nje usiku.

Dalali niliyezungumza naye kwa simu amenitajia chumba na sebule Sinza kwa bei hiyohiyo, lakini mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na yeye dalali anataka ya mwezi mmoja. Jumla ni shilingi 1,260,000. Akiba yangu yote ni 1,300,000, yaani nitaingia ndani na shilingi 40,000 mkononi, bila godoro wala jiko. Amenitaka pia nitume 20,000 leo ili anizuilie chumba kisichukuliwe. Je, huo ndio utaratibu wa huko, na ni maeneo gani yanayolingana na kipato changu?

MamaWawili

Karibu Dar, mdogo wangu. Hiyo 20,000 usiitume. Kodi ya miezi sita ni jambo la kawaida, tena wapo wanaodai ya mwaka mzima, kwa sababu sheria ya mwaka 1984 iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005 na tangu hapo mnabaki na makubaliano yenu wawili. Hata hivyo wenye nyumba hawafanani. Anayeishi humohumo pamoja na wapangaji wake mara nyingi hukubali miezi mitatu ukimwendea mwenyewe kwa adabu, hasa kama chumba kimekaa kitupu kwa muda.

Kuhusu eneo, usitazame umbali kwenye ramani, tazama usafiri. Kwa mtu wa Posta ningeshauri kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Ubungo hadi Kimara, kwa kuwa mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 yana njia yake na yanakufikisha mjini bila kubadilisha gari, ingawa asubuhi utasimama na kubanwa kama dagaa. Kosa la wageni, na mimi nililifanya, ni kupanga Kimara ya jina tu, iliyo mbali kabisa na barabara kuu, ambako unalazimika kupanda bodaboda asubuhi na jioni mpaka nauli ya mwezi inakula unafuu wote ulioufuata kwenye kodi. Na kwa kuwa huku ni vilima na mabonde, siku ya mvua bodaboda wenyewe wanakataa kuteremka. Tafuta mahali ambapo utatembea kwa miguu hadi kituoni.

Jambo jingine ni maji. Ukienda kuona chumba, beba kipande cha sabuni, fungua bomba, unawe. Nyumba nyingi zinategemea kisima, na maji ya visima vingi vya jiji hili yana chumvi: sabuni haitoi povu, na chai utakayopika haitanyweka. Ukihamia hapo utakuwa unanunua maji kwa ndoo kila siku, na hiyo ni kodi ya pili ambayo hukuambiwa.

DalaliMstaafu

Dada, nimefanya udalali Sinza, Kijitonyama na Mwananyamala kwa miaka kumi na moja, kwa hiyo naomba niseme ninavyoijua kazi hii. Kodi ya mwezi mmoja kwa dalali ni desturi, ila hulipwa siku unapokabidhiwa ufunguo, si kabla. Chumba na sebule Sinza kwa 180,000, tena chenye choo cha ndani, kama kweli kipo basi kina kasoro ambayo hujaonyeshwa. Ninavyohisi, aliyekupigia simu hajawahi kukiona: chumba kimoja huzungukwa na madalali wanne, kila mmoja amekisikia kwa mwenzake na kuongeza chake juu.

Njia isiyo na dalali ipo, lakini inataka miguu. Fikia kwa binamu yako, kisha Jumamosi asubuhi uingie mtaa ulioupenda na kuuliza kwa Mangi mwenye duka, kwa mama ntilie na kwa kinyozi, maana hao ndio wanaojua nani anahama mwisho wa mwezi. Mimi mwenyewe nusu ya vyumba vyangu nilivipata kwa Mangi.

Niliumia

Naongezea yaliyonipata mimi. Nilionyeshwa chumba Tabata na kijana aliyekuwa na ufunguo, nikalipa miezi mitatu, tukaandikishana kwenye karatasi ya daftari. Siku ya kuhamia tulikutana mlangoni watu watatu, kila mmoja na mizigo yake na karatasi yake, na kumbe kijana yule alikuwa mpangaji aliyeshapewa notisi ya kuhama. Tangu siku hiyo sitoi hata senti kabla ya kwenda ofisi ya serikali ya mtaa kuulizia mmiliki kwa jina, na mkataba nautia saini hapohapo mbele ya mwenyekiti.

MgeniWaJiji

Nawashukuru sana. Dalali nimemwambia nitakuja mwenyewe, naye akakata simu. Swali moja limebaki: mtu wa Ubungo ananiambia chumba chake ni 150,000 kwa mwezi, kinalipiwa miezi mitatu kwa mkupuo, ila LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ni moja kwa wapangaji watano na kila mmoja anachangia sawasawa. Hilo lina ubaya gani?

MamaWawili

Ubaya wake utauona jirani yako akiwa na friji na pasi, wewe ukiwa na taa moja na chaja ya simu. Uliza kama kila chumba kimewekewa mita yake ndogo, na kama hakuna, kubaliana na wenzako kwa idadi ya vifaa. Fahamu pia kuwa tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU, wakati anayedaiwa kisheria ni mwenye nyumba, kwa hiyo zungumza naye mapema airudishe au aipunguze kwenye kodi yako ya chumba.

DalaliMstaafu

Kama chumba hicho cha Ubungo kiko upande wa bondeni, tazama kuta kabla hujauliza bei. Ukikuta rangi mpya inayoishia kiunoni na ya zamani juu yake, maji yaliingia humo masika iliyopita.

MgeniWaJiji

Nitakwenda kukiona Jumamosi ya tarehe 8, nikiwa na binamu yangu na kipande cha sabuni.