Mrejesho: Wageni wameingia uwanjani na magari yao

Wakuu, salaam kutoka Dodoma. Niliwauliza tuwavuteje wageni kwenye siku za klabu za kukimbiza magari, maana walikuwa wanaishia kusimama pembeni na simu wakirekodi. Aliyeshauri tuachane na kupimana muda, Mungu ambariki.

Tulikodi eneo la wazi nje ya mji, tukapanga koni, gari moja moja ndiyo inaingia. Mzunguko wa kwanza taratibu, mwenyeji amekaa kushoto akielekeza. Bendera tulizifundisha mapema: njano punguza mwendo, nyekundu simama.

Aliyenikosha ni dada mmoja mwenye Toyota IST, alikuja kutazama tu. Tukamtolea kila kitu kwenye buti, hadi ndoo na viatu vya shule vya mtoto. Fundi akakaza nati za matairi, akakuta mafuta ya breki meusi, akayabadilisha palepale. Yale hunyonya unyevu. Yakipata moto mkali yanachemka na pedali inazama. Dada alianza kaukaza usukani kama kashika mbuzi wa mnadani. Baadaye ndiye aliyekuwa anauliza tunarudi lini!

Mwenye Toyota Crown alilalamika gari zito kuliko akiwa Dar. Mkuu, hapa ni zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, injini isiyo na turbo (kifaa cha kusukumia hewa ya ziada kwenye injini) lazima ipungue nguvu.

Kilichobaki ni helmeti za kuazimisha wageni. Anayejua zinakopatikana kwa bei ya kueleweka anishtue.