Tupeane uzoefu: ulipopima kazi yako kwenye programu za kukagua wizi wa maandishi, yalikukuta yapi?

Habari za jioni wakuu. Naanza na langu, maana kuna wenzetu wanakusanya tasnifu mwezi huu.

Nilisoma uzamili Dar. Kikomo chetu cha kufanana na maandishi ya wengine kilikuwa asilimia 20. Kwa hofu, wiki mbili kabla ya kukusanya nikapeleka rasimu kwenye steshenari moja iliyobandika tangazo la kupima kwa Turnitin, programu ambayo vyuo vingi hutumia. Nikalipa elfu kumi, ikatoka 17, nikashukuru Mungu. Chuo kilipopima ikatoka 96. Msimamizi akanipigia simu, sauti yenyewe si ile niliyoizoea.

Kumbe yule kijana wa steshenari aliipakia kwenye akaunti inayohifadhi kila kazi inayoingia. Tasnifu yangu ikawa inalinganishwa na yenyewe! Kilichoniokoa ni risiti, na msimamizi aliyekubali kufungua ripoti nzima. Chanzo kiliandikwa ni kazi ya mwanafunzi wa chuo kingine, tarehe ile ile ya risiti yangu. Wiki tatu sikulala. Turnitin kwa kawaida huuzwa kwa taasisi, kwa hiyo anayekupimia mtaani anatumia akaunti ya watu wengine. Muulize kwanza: kazi yangu inabaki humo?

Leteni yenu.

*

Pole sana mkuu. Mimi nilipata 31, ripoti ikaja na rangi ya njano, nikaanza kubadilisha maneno usiku kucha hadi sentensi zikapoteza maana. Dada mmoja wa maktaba akaniambia acha, fungua tuone kilichopakwa rangi. Ilikuwa orodha ya marejeleo, nukuu nilizozifungia alama vizuri tu, na dodoso. Akaondoa marejeleo na nukuu kwenye hesabu, ikashuka hadi 14. Nikarudisha sentensi zangu za mwanzo.

*

Mimi nasimamia wanafunzi wa Kiswahili. Aliniletea mmoja kazi ya asilimia 3, safi kabisa. Utafiti unahusu wavuvi wa Pangani, lakini sura ya pili inawataja wavuvi wanaosubiri barafu iyeyuke. Alikuwa ametafsiri kitabu cha Kiingereza ukurasa kwa ukurasa. Programu haikuona kitu. Tangu hapo nasoma kazi kwanza, ripoti baadaye.

*

Kuna hili la akili mnemba pia. Turnitin waliongeza kipimo chake Aprili 2023, na programu nyingine zinacho. Niliambiwa insha yangu imeandikwa na mashine, wakati niliiandika mwenyewe kwa siku tisa. Bahati nzuri nilikuwa naandikia Google Docs, nikaonyesha historia ya mabadiliko, aya kwa aya. Mwalimu aliniomba radhi mbele ya darasa. Nilimheshimu sana kwa hilo.

*

Zile tovuti za bure je? Mimi zinanikata kwenye maneno elfu moja.

*

@ wa hapo juu: nyingi zinalinganisha na kurasa zilizo wazi mtandaoni tu. Tasnifu za wenzako na majarida ya kulipia hazizioni, kwa hiyo sifuri yake usiitegemee.

*

Mleta uzi, hiyo rasimu yako ilifutwa?

*

Bado, mkuu. Ombi la kufuta linatakiwa kutoka kwenye taasisi yenye akaunti, na yule kijana hajawahi kuniambia akaunti ilikuwa ya nani katika chuo hicho. Mwakani nataka kutoa makala kutokana na tasnifu hiyo, na jarida likipima linaweza kuikuta ile rasimu. Ndiyo maana barua ya msimamizi inayoeleza yaliyotokea nimeihifadhi.