Shangazi ana miaka 64, mdogo wake mwenye usonji ana 51, bibi kafariki: tuanzie wapi?

Mjukuu_wa_Chumbageni
Wakubwa shikamooni. Bibi alifariki, arobaini imepita. Baba mdogo ana usonji, maneno yake hayafiki kumi, na ana kifafa tangu utotoni. Bibi ndiye aliyekuwa akimhudumia kwa kila kitu. Sasa kabaki na shangazi, mwenye presha na magoti mabovu, humu humu kwenye nyumba ya bibi, Tanga. Mtoto wa kiume wa shangazi anataka awachukue wote Dar mwezi ujao. Baba anasema nyumba iuzwe, pesa zimtunze mdogo wake. Shangazi mwenyewe kanyamaza. Tuanze na lipi?

Nesi_wa_Zamu
Poleni na msiba. Kuhama mwezi ujao futeni kabisa. Baba mdogo kampoteza mama. Mkimtoa na kitanda chake, njia ya chooni na kikombe chake kwa mpigo, atapiga kelele usiku kucha, halafu mtu atatafuta dawa ya kumlaza, na hapo mtakuwa mmeongeza tatizo juu ya tatizo.

Kwanza nunueni daftari, lile la jalada gumu. Yote aliyoyajua bibi sasa yamo kichwani mwa shangazi peke yake, na yeye ana presha. Kaa naye jioni tatu nne, muulize, andika. Dawa: jina, miligramu za kidonge, vingapi, saa ngapi, zinachukuliwa wapi, kliniki tarehe ngapi. Kifafa: kinaanzaje, kinachukua dakika ngapi, akizinduka analala muda gani. Kisha mambo ya kila siku, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanaandika "hapendi kuoga", ambayo haimsaidii mtu. Andika hivi: "Anaoga saa kumi na moja jioni, maji ya vuguvugu, kopo la bluu. Mwambie 'maji' mara moja, nyamaza, subiri. Anza na miguu. Ukianza na kichwa atakimbia."

Dawa za kifafa zisikatwe ghafla hata siku moja, iwe fenobabitoni au kabamazepini. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika. Wekeni akiba ya wiki mbili, na Ramadhani dozi ya mchana isirukwe. Akianguka, tazama saa, mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, usimtie kijiko wala chochote mdomoni. Ikipita dakika 5, au kikirudi kabla hajazinduka, hospitali.

Jambo moja zaidi. Mtu asiyeongea, tabia ndiyo mdomo wake. Akianza kujipiga kichwa au kukataa chakula, kabla hamjakimbilia kusema ana jini, angalieni meno, masikio na choo. Siku nne bila choo zinatosha kumgeuza mtu mpole kuwa mkali.

Mama_Kisosora
Nesi kamsemea baba mdogo, na mimi nimsemee shangazi. Kunyamaza kwake msikuchukulie kuwa ni kukubali. Muulizeni akiwa peke yake, watoto na kaka yake wasiwepo: kazi ipi anaiweza, ipi hataki tena. Dada kumwosha kaka yake mtu mzima, wengi inawatia haya na hawasemi. Tafuteni mwanamume wa ndani ya ukoo au kijana wa kulipwa kwa kazi hiyo, na hata yeye amfunike taulo kiunoni wakati wa kumwosha.

Huyo mtu wa pili msimtupie kazi siku shangazi anapolazwa. Wiki ya kwanza aje akae tu barazani, asiguse kitu. Ya pili ampe uji. Ya tatu amwogeshe, shangazi akiwa mlangoni. Ya nne shangazi atoke kwa muda wa saa mbili, arudi saa aliyosema. Iwe siku zilezile kila wiki, mfano Jumanne na Ijumaa, na malipo yajulikane. Msaada wa "tutakuja tukipata nafasi" kwa mtu wa usonji ni usumbufu, maana hajui nani ataingia mlangoni.

Na shangazi kafika miaka 60, hospitali za serikali zina dirisha la wazee. Kliniki yake ya presha na ya kifafa cha mdogo wake ombeni ziwe siku moja. Mkikwama kwenye gharama za baba mdogo, barua ya mtendaji wa mtaa mpelekeeni afisa ustawi wa jamii wa hospitali, muulize utaratibu wa msamaha.

Karani_Mstaafu
Nyumba. Nimeona arobaini, kwa hiyo nachukulia mirathi ni ya Kiislamu, na kwamba babu alishatangulia. Bibi kaacha watoto watatu, wa kiume wawili na wa kike mmoja: mafungu matano. Baba yako mawili, baba mdogo mawili, shangazi moja. Tazama hapo. Anayebeba mzigo ndiye mwenye fungu dogo, na nyumba ikiuzwa wanaotoka na vyombo barabarani ni yeye na mgonjwa wake. Pesa taslimu za mtu asiyeweza kuzisimamia hazikai.

Fanyeni kikao cha ukoo, muhtasari uandikwe, na muhtasari umtaje baba mdogo kama mrithi kamili. Wapo wanaomwacha kwa sababu "hajui kitu". Mahakama ya Mwanzo ikimteua msimamizi wa mirathi, ana miezi minne ya kupeleka orodha ya mali. Pendekezeni nyumba isiuzwe maadamu baba mdogo anaishi humo, na makubaliano hayo yaingie kwenye jalada la mahakama, yasibaki maneno ya sebuleni. Asiwekeshwe dole gumba kwenye karatasi yoyote nje ya mahakama. Baba yako akitaka kumfaa dada yake, anaweza kumpa fungu lake kwa hiba (zawadi) akiwa hai.

Na shangazi aandike wasiya. Kwa kuwa ana mtoto wa kiume, mdogo wake hatamrithi, hivyo anaweza kumuusia hadi theluthi ya mali yake. Angekuwa mrithi, wasiya huo ungehitaji ridhaa ya warithi wengine. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanaandika na kutunza wosia.

Fundi_Makorora
Samahani naingilia. Na kama ndugu mwenyewe ni wa kunyanyuliwa, mtindio wa ubongo, kilo 60, na dada ana miaka 66?

Nesi_wa_Zamu
Asimnyanyue peke yake. Khanga mbili zikunjwe ziwe upana wa mabega hadi makalio, alazwe juu yake. Watu wawili, mmoja kila upande, wamsogeze kwa khanga. Kuvuta mikono kunategua bega. Kitanda kipandishwe kwa matofali, kisimame imara, kifike kiunoni mwa mhudumu. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, mkague visigino, nyonga na mfupa wa mkia kwa mwanga wa kutosha. Wekundu usiopotea ukibonyeza kwa kidole ndio mwanzo wa kidonda.

Mjukuu_wa_Chumbageni
Nashukuru sana. Tumegundua baba mdogo hana namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), na huko wanachukua alama za vidole. Akishikwa mkono anaunyofoa. Tufanyeje?

Mama_Kisosora
Msiende kesho. Wiki mbili afanye mazoezi nyumbani: bilauri ya kioo imelazwa mezani, abonyeze kidole kimoja, mhesabu hadi tatu, aachie. Kisha vidole vinne pamoja, kisha mkono wa pili. Yeye ndiye abonyeze, msimshike kiganja. Mmoja wenu atangulie ofisini kuonana na afisa, aombe awe wa kwanza asubuhi, kabla foleni na feni hazijaanza kelele. Shangazi aingie naye. Na kile kikombe chake kiwe kwenye mkoba, apewe akimaliza mkono wa pili.